Mkasi Usiomwaga Damu

Usiku wa Julai, Montevideo, baridi imebana milango.
Nélida amevaa koti ndani ya nyumba,
mwanga wa kompyuta umemkaa puani.
Vipande vya sauti vimejipanga mbele yake
kama nguo kambani.

Ovidio, mpiga kodiani, kakosea ubeti wa tatu.
Alikawia. Kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate.
Halafu akaguna, na kiti kikalia.
Kesho atasema: Mimi? Nikawie mimi?

Nélida anakata.
Anasogeza kipande kushoto, upana wa unywele,
anaficha mguno, analainisha mshono
hata sikio likose pa kushika.

Walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakukaa kwenye kiti hiki.
Hapa kinachokatwa hakikatiki:
faili mama limelala chini, zima,
halina habari kwamba limeguswa;
hivi vya juu ni madirisha tu,
hili wazi, lile limefungwa.

Saa nane. Anasikiliza.
Wimbo umenyooka,
umenyooka kama shati la maiti.

Anashika ukingo wa kipande, anauvuta polepole,
kama afunuaye blanketi kuona kama mtoto kalala,
na kiti kinalia,
na Ovidio anaguna,
na kodiani inaingia imechelewa
kama mwenyewe anavyochelewa mazoezini,
bila hodi, bila samahani.

Anahifadhi hivyo hivyo.
Kesho watagombana.
Anazima taa, koti bado mwilini.