Kanyaga, Shikilia, Achia

Miaka thelathini na minne baba alikanyaga mara tatu.
Ya kwanza ya kuamsha, ya pili ya kukumbusha,
ya tatu ndiyo breki.
Ya nne, alisema, ni ya Mungu,
na si adabu kumsumbua Mungu kila tukifika Mwanga.

Toka Mwanga barabara inaporomoka hadi stesheni
bila kujipinda ili ikuhurumie.
Foksi letu, rangi ya maziwa mgando,
injini nyuma, buti mbele,
madebe mawili ya mawese kifuani,
lilishuka likinguruma kama mashine ya kusaga.
Mimi nilikaa nyuma na jiwe mapajani.
Kazi yangu: likipungua mwendo, niruke,
nilisukume jiwe chini ya tairi.
Nilikuwa na miaka saba.
Nililijua jiwe lile kuliko nilivyoijua tebo ya saba.

Mwezi wa tano zamu ya mchezo ilikuwa yangu.
Wenzangu walinunua bati, mmoja friji.
Mimi boksi lilinijia kwa treni:
disiki mbili, kalipa, pedi zikiwa bado na nailoni,
na masta silinda ya vyumba viwili,
kimoja kikivuja, kingine kibaki na akili.
Shemeji Ntibakazi akauliza, sasa litakimbia zaidi?
Hapana, shemeji. Litasimama.
Akanitazama kama mtu aliyelipia nauli
ili abaki nyumbani.

Bukuru, fundi wa Katubuka, aligonga dramu
mpaka ikakubali.
Ndani vumbi jeusi, laini zimeliwa hadi kwenye chuma,
springi moja ya kiwandani,
na nyingine… akaigeuza juani.
Nikaitambua. Ya kitanda cha wageni.
Kumbe ndiyo sababu shangazi Nyamwiza alilala amebonyea
Krismasi ile nzima,
na sisi tukafika stesheni salama.

Gari hili halinywi maji. Rejeta halina.
Upepo ndio maji yake:
feni inauvuta, injini inapoa,
unapanda nalo mpaka Kasulu bila kidumu cha akiba.
Lakini humu, kwenye bomba la breki,
upepo uleule ni mwizi.
Unakanyaga chuma, mguu unakuta povu.

Kwa hiyo Bukuru alilala chali na chupa ya soda
na mpira wa dripu aliopewa na dada yake, nesi wa Maweni.
Kanyaga, akasema kutoka chini.
Shikilia.
Achia.
Tulianza na gurudumu la mbali, nyuma kushoto.
Kanyaga.
Viputo vikaja kimoja kimoja kwenye oili ya zamani, nyeusi kama chai ya msibani.
Shikilia.
Nilihesabu hadi arobaini nikaacha,
nikiwaza kimojawapo labda ni cha umri wangu,
kiliingia siku ile daraja la Ruchugi, baba alipopiga yowe
halafu akacheka ili tusiogope.
Achia.

Jumapili, kabla ya kengele ya misa, nikashuka peke yangu.
Disiki zilikuwa tayari.
Mguu haukuwa umepewa habari.
Ukapiga ya kwanza, ya kuamsha tu, kama ilivyo desturi,
na gari likaganda katikati ya lami,
paji langu likabusu kioo,
bodaboda nyuma yangu akamtaja mama yangu
kwa namna ambayo mama asingeipenda.

Bukuru anacheka. Anasema pedi zitazoea.
Chini ya kiti akalikuta jiwe, akauliza, tulitupe?
Nikamwambia lirudishe.

Ni mguu huu wa kulia,
wenye kidole cha pili kirefu, kama chake.
Kila asubuhi nauambia: mara moja. Mara moja inatosha.
Unanisikiliza vizuri kabisa hadi Mwanga.
Kisha tunaanza kuteremka
na unamsikiliza yeye.