Dumu la Lita Tano

Tyubu ya kwanza haina kitu.
Ndiyo ninayoanza nayo kabla ya chai,
maji na rangi tu, ili mashine ijue
sifuri inafananaje.

Zinazofuata ni za ng'ombe:
albumini ya kichupa, ya ng'ombe nisiyemjua,
wa nchi za mbali, asiyewahi kutafuna mgomba
kama yule wa mama kule Kibosho.
Namweka kidogo, kisha zaidi, kisha zaidi tena,
na rangi iliyokuwa kahawia, kahawa iliyolala,
inageuka buluu ngazi kwa ngazi.
Hiyo ndiyo rula yangu. Mtu anapimwa kwa ng'ombe.
Hata mahari huku ilianza hivyo.

Saa mbili na robo akaingia Prochesi
na dumu la mafuta ya alizeti,
limeviringwa kitenge kama mbege ya kupeleka ukweni.
"Mkojo wa mke wangu. Tangu jana saa moja
mpaka leo saa moja. Hatujatupa hata tone."

Nikaandika: Aikande. Wiki thelathini na mbili.
Miguu imevimba, anavaa ndala za mumewe.

Nikaliinua dumu dirishani.
Kibo ilikuwa wazi asubuhi ile, nyeupe,
na mkojo nao mweupe, kuliko ilivyo haki yake.
Mkojo wa siku nzima una rangi ya siku nzima.
Huu ulikuwa na rangi ya bomba.

"Prochesi."

Akaitazama sakafu yangu ya marumaru
kana kwamba jibu limedondokea huko.
"Pikipiki ilidunda pale Kiboriloni. Kifuniko kikafyatuka.
Nusu ikaniishia kwenye suruali.
Nikasema, watadhani mke wangu hakojoi.
Nikaomba maji kwa mama wa mboga."

Mficha uchi, nikaanza,
nikaimeza.
Suruali yake ilikuwa bado mbichi.

Kanuni iko ukutani, nimeibandika mwenyewe:
kilichomwagika kimwagwe chote,
mgonjwa aanze upya. Siku nyingine nzima.

"Yeye yuko wapi?"
"Benchi la nje. Anasema mwanga unamuumiza."

Nikachovya pipeti, nikachota tone,
si la kuandika. La kuuliza.

Nilikuwa nimetega saa, dakika kumi.
Rangi haikungoja saa.
Buluu ikampita ng'ombe wa kwanza, wa pili,
ikampita yule wa mwisho aliyejaa pomoni,
mashine ikatoa mshale unaotazama juu:
rula imeisha.
Nikazimua mara kumi. Buluu.
Prochesi, umetia maji ya Kiboriloni,
nami nimetia ya kwangu,
na bado iko humu, ile ya kukaa ndani ya damu,
ya kushika maji yasiteremkie miguuni,
inavuja toka figo la mkeo kama uji
kwenye chujio lililotoboka.

Rangi haina haya. Haiulizi wa Machame
au wa Rombo, nani kaolewa kanisani, nani bado.
Inakamata inachokikuta, basi.

Nikapiga simu wodi ya wazazi.
Sikuwatajia namba. Namba ya dumu lile
ingekuwa ya uongo, nisingeweza kuitia sahihi.
Nikasema: si chini ya hapa.
Hilo naweza kulisimamia hata mbele ya hakimu.
Mpimeni presha sasa hivi. Msingoje mkojo mwingine.

Wakaja na kiti cha magurudumu.
Aikande akapita mlangoni, mkono juu ya macho,
ndala moja ikabaki kwenye korido.

Prochesi akaiokota. Akasimama nayo.
"Dumu," akasema, "mtanirudishia?
Ni la mama mkwe."

Nikalimwaga. Nikalisuuza mara tatu,
kama ninavyosuuza vyombo vyangu vya kioo,
nikamkabidhi,
naye akalipokea kwa mikono miwili
ingawa halikuwa na uzito wowote,
akaanza kukimbia kuelekea wodini,
dumu huku, ndala huku.