Utando

Walinipigia kabla ya adhana ya alfajiri.
Hawakusema njoo utupe pole.
Walisema: njoo na ile dawa yako ya kutolea.

Basi nikaipita Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani ingali usingizini,
chupa ya asetoni mkobani, nimeiviringa kanga isigongane na funguo,
mpaka Makorora, uani, nyuma ya pazia,
ambako Bi Mwantumu alikwisha kunja mikono ya gauni
na ndoo tatu zinasubiri.

"Maji hayafiki," akaniambia. "Tazama."
Akachota kwa kata, akamimina juu ya vidole vya Siwema.
Maji yakajikusanya, yakawa shanga,
yakateleza juu ya zambarau namba kumi na nne
kama mgeni aliyebisha hodi, asiitikiwe.

Ni mimi niliyeufunga mlango ule.
Alhamisi, saa tisa mchana, umeme umekatika,
nampepea kucha kwa kipande cha boksi,
naye simu kaibana kwa bega, anamcheka mtu nisiyemjua.
Hina huzama, nilimwambia, hii hukaa juu,
lakini haitoki. Wiki mbili, nakuhakikishia.

Kichupa chenyewe kina maandishi ya siafu,
majina marefu ambayo ulimi wangu hauyawezi.
Mwanangu Shekue, wa kidato cha tano, alinisomea siku moja
huku anatafuna muhogo:
Mama, humu mna vipande vidogo vidogo vimeshikana mikono,
mnyororo mrefu, mamia kwa maelfu.
Ndani ya chupa vinaogelea.
Ukipaka, kimiminika kinaruka, kinakwenda na harufu yake,
vyenyewe vinabaki vimelaliana,
vinakuwa ngozi.
Kama utando wa maziwa? nikamwuliza.
Akafikiri.
Kama utando wa maziwa, ila huu haumjui ng'ombe.

Nikalowesha pamba. Kidole gumba kwanza.
Unabonyeza, unahesabu mpaka ishirini, unavuta.
Kila pamba, mikono ile ikaachana,
zambarau ikalegea, ikahama.
"Legeza mkono, mpenzi,"
nikausikia mdomo wangu ukisema, kwa mazoea,
kama ninavyowaambia wote wanaonikazia vidole.
Bi Mwantumu akageukia ukutani.
Harufu yangu, ya saluni, ikapanda juu ya kafuri na udi,
nikaona haya kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Kidole cha mwisho, cha kushoto, hakikuwa na kitu.
Alishakibandua mwenyewe, angali hai,
kwa meno, au kwa ukucha wa jirani yake,
akimsubiri nani, sijui.
Labda kilitoka kizima, kigamba kimoja,
akakiinua kwenye mwanga akaona dunia ya rangi ya bilinganya.

Muosha huoshwa, walisema wahenga.
Habari za mpaka rangi hawakuzisema.

Bi Mwantumu akachota tena.
Safari hii maji yakatanda,
yakashika ukucha, yakaingia pembeni, yakakaa.
"Sasa," akasema. Akanipa mgongo, akaanza kazi yake.

Jua lilipokwisha kupanda, mjomba wa marehemu akasimama mlangoni:
aliye na deni lake kwa marehemu aseme, asione haya.
Elfu mbili. Aliniahidi atanipa Jumanne.
Leo ni Jumanne.
Nikatikisa kichwa: mimi simdai.
Katika zile wiki mbili nilizomhakikishia
zilikuwa zimebaki siku tisa.

Adhuhuri, nyumbani, nikafungua bomba nitie udhu.
Kwenye kidole changu cha shahada palikuwa na doa,
zambarau iliyoyeyuka kwake,
ikakauka upya kwangu, ikashikana mikono upya.
Maji yakafika pale,
yakasimama.
Shanga moja.
Chupa ya asetoni ilikuwa mezani, hatua mbili tu.
Nikaitazama ile shanga mpaka ikaanguka yenyewe.