Ratiba ya Siku Mbili Bila Usukani

Leseni umeirudisha Jumanne, Shigenobu.
Afisa akakuinamia kwa heshima, akakupa cheti
na kuponi za kupunguziwa nauli ya teksi. Teksi!
Wewe, uliyeendesha teksi miaka arobaini na mmoja.
Ulicheka mpaka mlangoni pa kituo,
kisha hukutamka neno
ngazi zote mia na nane za kupandia nyumbani.

Leo nimetandaza ramani juu ya meza hii inayoyumba,
nimeikandamiza kwa birika na chupa ya soya.
Penseli nimeichonga. Keti.
Jumamosi na Jumapili tunazuru mji.
"Mji gani?"
Huu huu. Nagasaki. Huu uliouona kupitia kioo,
waipa zikikukatakatia picha.

Papo hapo umeninyang'anya penseli:
"Kutoka Hotarujaya tushike njia ya nyuma,
tukwepe taa za sokoni..."
Hapana, bwana. Tramu haina njia ya nyuma.
Inakwenda ilikotandikiwa reli, na taa ikiwa nyekundu
tutakaa, tumtazame mtu akifunga kamba za viatu.
Zile haraka zako zilikuwa za abiria.
Walishuka nazo.

Namba tano, alama ya kijani. Kituo cha kwanza, Meganebashi:
daraja la mawe, matao mawili,
na maji yakitulia, matao na vivuli vyake
huwa miwani. Umepita pale mara ngapi?
"Elfu kumi."
Na miwani uliiona?
Unakuna sikio.
Haionekani barabarani. Sharti ushuke mpaka mtoni.

"Na goti langu?"
Goti lako nimelihesabia mabenchi kumi na manne.
Tazama, yote nimeyatia alama ya msalaba,
na lile la kumi na mbili lina kivuli.

Mchana, Shinchi, kwa Bibi Rin:
tambi za champon, ngisi, kabichi, supu nyeupe ya mifupa.
Unaufahamu mlango wake, najua.
Unafahamu kila mlango wa kula mjini humu,
upi una kizingiti kirefu, upi hufunga mapema.
Ladha hujui hata moja.
Umekula wali wa kufinyangwa juu ya usukani,
ukifukuza punje kwenye suruali.

Usiku, Inasa, kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya.
Usiniambie umekwisha kufika.
Uliwapeleka maharusi, ukawasubiri maegeshoni,
mita imezimwa, mgongo umeuelekezea taa zote za bandari.

Nami nina langu, nilikuwa silisemi.
Kila tulipotoka kwa gari, nilikaa kushotoni kwako.
Miaka yote hii nimeolewa na shavu la kushoto.
Kwenye tramu viti vinatazamana.
Wewe kaa upande huu, mimi upande ule,
nione bei niliyolipa.

Hapo ndipo ulipocheka, kicheko kingine, si kile cha Jumanne.

Jumapili asubuhi tunakwenda mwisho wa reli, Ishibashi,
lifti ya mshazari itatubebea kilima.
Kasutera vipande viwili, chai, na yule paka
anayelala juu ya sanduku la posta kama yupo.
Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Safari hii mgeni ni sisi, mwenyeji ni sisi.
Basi tupone mara mbili.

Mchana wa Jumapili nimeuacha wazi.
Sikuwa na la kuandika, nakiri. Nilichoka.
Umeutazama mraba ule mtupu kwa muda mrefu,
ukalamba ncha ya penseli kama mtoto wa shule,
ukaandika kwa herufi zako za stakabadhi:
*Saa nane. Kupotea.*

"Sijawahi kuruhusiwa," umesema.

Kisha ukazikunja kuponi za teksi, mara mbili, mara nne,
ukainama, goti likalia,
ukazisukuma chini ya mguu mfupi wa meza.
Chai kwenye birika imeacha kutikisika.