Daftari Lililolowa

Mto Auji ulipopanda ukaingia dukani bila hodi,
sukari ilikwenda, chumvi ikafuata,
daftari la mama likabaki, limevimba kama mkate.
Mama mwenyewe tulikuwa tumemzika Seme wiki tatu kabla,
kwa hiyo hapakuwa na wa kuuliza.

Nikalianika ukurasa kwa ukurasa
kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo,
na Nyalenda nzima ikapita ikisoma
madeni ya Nyalenda nzima.

Wino wa buluu hauelewani na maji.
Palipokuwa na tarakimu pana doa,
doa lenye ukingo, kama ziwa kwenye ramani.

Mwalimu Khasakhala, darasa la nane, alikuwa akigonga ubao:
Herufi si mdudu, msiiogope.
Ni kiti kilichowekwa. Mgeni yuko njiani.
Sisi tulikuwa tunatazama dirisha,
tunasikiliza kengele ya uji.

Beldina: unga pakiti tatu, kila moja (doa).
Sabuni arobaini. Jumla mia tano na ishirini.
Ondoa sabuni. Ondoa pande zote mbili,
ukipunja upande mmoja mizani itakuumbua.
Mia nne na themanini kwa tatu:
mia moja na sitini.
Na kweli, ndiyo bei ya Novemba,
kabla unga haujatuota mapembe.

Wanyonyi fundi baiskeli na mdogo wake Simiyu,
deni la pamoja, elfu moja mia tatu hamsini.
Kando, kwa mwandiko wa mama uliolala kushoto:
mkubwa mara mbili ya mdogo.
Basi mdogo ni herufi moja, mkubwa ni mbili,
tatu zimebeba gunia moja.
Mia nne na hamsini. Mia tisa.
Nilimkuta Wanyonyi ameinamia tairi, anatafuta tundu kwa maji ya karai.
“Mbona mimi nilijua ni nusu kwa nusu?”
Tundu likatoa povu. Akacheka, akalipa mia mbili.

Mama Seline yeye alikuja juu.
Mia saba, mwanangu, Mungu anaona.
Nikasema haya, tuseme ni mia saba.
Umelipa mia moja kila Jumamosi, Jumamosi sita.
Ingebaki mia. Mbona hapa, maji yaliposamehe,
imeandikwa baki mia mbili na hamsini?
Akatazama karatasi.
Akazihesabu Jumamosi zake kwa vidole.
“Basi ilikuwa mia nane na hamsini,” akasema polepole,
kama jibu amelivumbua yeye.

Ukurasa wa mwisho ulinishinda.
Zake (doa). Zangu (doa). Jumla elfu mbili.
Jina limeondoka na mto.
Yaweza kuwa mia na elfu moja mia tisa.
Yaweza kuwa elfu kwa elfu.
Yaweza kuwa shilingi moja na ukarimu uliobaki,
ningemjua mama nisingeshangaa.
Nilimjua.
Mwalimu alikuwa na neno la mahali kama hapa:
mafumbo mawili, mlinganyo mmoja, weka kalamu chini,
wa pili haulazimishwi.
Nikaweka kalamu chini. Nikauza vitunguu.

Mwezi wa tisa akaja mwanamke kutoka Ahero,
mgongoni mtoto aliyeshapita umri wa kubebwa.
Akamuuliza mama. Nikamwambia.
Akanyamaza, hata mtoto akanyamaza.
“Usiku ule wa hospitali,” akasema, “pesa zangu hazikutosha hata mlangoni.
Mama yako hakuniuliza jina la kijiji.
Alinitazama mkononi,
akanipa mara tatu ya nilizokuwa nazo.”

Mara tatu.
Zake moja, za mama tatu,
nne kwa elfu mbili.

Akaanza kufungua fundo la leso kwa meno.
Nilishajua kilichomo ndani.
Nikamsogezea kiti,
nikamwacha ahesabu.