Kutoka A Mpaka Z

Viljandi, Januari. Saa kumi na moja jioni na giza limeshakomaa,
theluji imeziba kioo cha chini cha dirisha la chumba cha nyaraka,
na Maarika hajala kitu tangu asubuhi ila kipande cha mkate mweusi.

Mbele yake daftari la mkunga Hilja Rebane:
miaka kumi na minane ya uzazi, imechapwa upya
mistari elfu sita, bila aya, bila huruma.
Tarehe, uzito, hali ya barabara, bei ya kukodi farasi,
na ndani ya alama za kunukuu, jina la mtoto.

Anachotaka ni majina tu.

Akaandika: alama ya kunukuu, nukta, nyota, alama ya kunukuu.
Nukta ni herufi yoyote. Nyota ni mara zozote.
Ukizikutanisha, umemwalika fisi karamuni:
alianzia nukuu ya kwanza ya mstari,
hakufumba kinywa mpaka ya mwisho,
akameza watoto watatu, dhoruba moja,
na kilo mbili za siagi alizolipwa Hilja badala ya pesa.
Jina moja, refu kama msiba.

Akaongeza alama ya kuuliza.
Hiyo tu. Kialama kilichopinda mgongo
nyuma ya nyota, kikinong'ona kila hatua:
yatosha? hapa je?
Na ulafi ukajifunza kushiba.

Lakini mkunga alikuwa na mikono ya kuchoka.
"Aksel 2", aliandika, "Linda??", "Vello!"
Basi Maarika akabana: herufi peke yake,
kutoka A mpaka Z, kubwa na ndogo.
Mashine ikatii. Ndiyo kazi yake.

Tõnis akatoka T, kisha nis.
Küllike akakatwa shingoni.
Na Õnne, njiti wa usiku wa barafu,
akapoteza kichwa, akabaki nne.
Kwetu hiyo ni hesabu. Kwa Maarika si kitu.

Shuleni kwake Z haikukaa mwisho.
Ilikaa katikati, karibu na S,
na mkiani walipangwa õ, ä, ö, ü,
wanne, kila mmoja na kitu kichwani.
Nani aliiambia mashine kuwa dunia inaishia Z?

Anazipachika moja moja ndani ya mabano ya mraba,
kubwa kwa ndogo, zote nane.
Anabonyeza. Orodha inashuka.

Õnne. Mzima.

Anarudi kwenye daftari, jambo ambalo fomula haikumwomba,
asome alichokiacha nje ya nukuu:
*Gramu 1,900. Barabara haipitiki. Nimelala hapohapo,
mtoto kifuani pangu, mama yake hana joto.*

Mstari huo haumo kwenye orodha.
Hautakuwamo.
Maarika anafungua droo, anatafuta kalamu.