Safu Mbili

Chorzów, Februari. Theluji inashika masizi
kabla haijagusa chini. Bogumiła anafungua tanuri,
anatoa kwa koleo kigae kisichozidi kifungo cha koti:
risasi, zirkoni, bati kidogo,
na punje za oksidi ya zinki humo ndani
kama mawe kwenye mchele.

Anakipaka fedha usoni na mgongoni.
Anakibana. Anasubiri.

Ndani ya fuwele safu hii imeelekea kulia,
ya jirani kushoto, na jirani wa jirani kulia tena.
Ukikiuliza kigae umeegemea wapi,
sufuri, kitasema.
Lakini sufuri hiyo si utupu. Ni mvutano uliolingana.

Baba yake, Alojzy, aliijua.
Saa kumi na mbili alfajiri langoni mwa mgodi
zamu ya usiku ikitoka na nyuso nyeusi,
ya mchana ikiingia na harufu ya sabuni,
mia tatu huku, mia tatu kule, bega kwa bega.
Ungetazama kutoka mnarani, ungesema
hakuna aliyesogea.

Volti mia tano. Mstari umelala kwenye skrini.
Elfu moja. Umelala.
Elfu mbili na mia nne:
safu ya pili inageuka, yote, kwa mpigo,
na mstari unasimama wima.

Asubuhi ile ya mgomo (yeye alikuwa darasa la pili)
zamu ya kuingia iligeuka pale pale langoni,
watu mia sita wakaelekea upande mmoja.
Alojzy hakueleza nini kilipita hewani.
Alisema tu: malaika ya mkono yalinisimama.

Anapunguza volti. Safu zinarudi,
ila si kwa njia ziliyoendea;
kilichowekwa kinatoka karibu chote,
kasoro joto kidogo.
Jumatatu baba alirudi kazini, kulia, kushoto, kama zamani.
Tangu hapo alilala buti zikiwa kitandani, miguuni pake.

Kesho atakipasha moto,
atafute nyuzi ambazo safu husahau kuwa safu
na kigae hakiyeyuki.

Au hatakipasha. Chini ya taa anaona ufa,
mwembamba kuliko unywele:
zikielekea pamoja, mwili hutanuka.
Anaandika daftarini: namba arobaini na moja, kimepasuka.
Wiesiek anamsogezea ndoo ya taka.

Anakitia mfuko wa koti,
lile linalokosa kifungo.